Jicho la Pili

Machi, na theluji bado inafika magotini.
Baba amenipa wembe wa zamani,
ule uliokuwa wa Eino, na furushi la vitawi mia
alivyokata alfajiri, safu kwa safu.
Tumekaa jikoni. Jiko la kuni linakoroma.
Kazi ni moja: kupasua kila jicho la mzabibu na kutazama ndani.
Kijani, uhai.
Kahawia, basi tena.

Januari kipimajoto kilishuka hadi arobaini chini ya sifuri,
pale ambapo vipimo viwili vya dunia
huacha ubishi na kutaja namba moja.
Misumari ya ghala ilialika usiku kucha kama bunduki.
Nilikuwa macho. Niliiwaza mizabibu huko nje,
mia nne na kumi na miwili,
kila mmoja kwa mguu wake mmoja, bila blanketi.

Miaka kumi na tisa walimcheka.
"Toivo kachanganyikiwa," walisema dukani kwa Haapala,
"vumbi la chuma limempanda kichwani.
Zabibu? Hapa hata kiazi huomba ruhusa!"
Baba hakujibu. Alichimba mashimo katika udongo mwekundu
uliotemwa na mgodi, ule ule uliomla ujana,
akatia samadi ya ng'ombe wa Wuori,
akapanda vijiti visivyo na jani wala ahadi.
Chotara: mama yake mwitu wa kingo za mto,
mzaa vitembe vyeusi, vikali, vya kukunja uso;
baba yake mgeni wa Ufaransa, mtamu, mwepesi wa homa.
Utamu kwa baba, usingizi kwa mama.
Na usingizi ndio unaolipa, Baba husema.
Mmea usiojua kulala hauuawi na baridi,
huuawa na haraka yake.

Kahawia. Kahawia. Kijani. Kahawia.
Natia alama nyuma ya bili ya umeme.
Kufika saa sita mchana, sitini na tatu yamekufa,
nami naweka wembe chini, nasema, Baba, mwaka huu hakuna kitu.

Anamimina kahawa. Haangalii hesabu yangu.
"Umekata juu juu," anasema. "Shuka."

Maana jicho si moja. Ni matatu yaliyojifunika koti moja.
La kwanza ndilo kubwa, ndilo lililobeba kichala,
ndilo linalotangulia kuamka na kutangulia kuganda.
Pembeni yake la pili, jembamba, limejibanza.
La tatu usilitegemee: litakupa majani tu.

Eino alizaliwa kwanza.
Trekta ilikuwa yake, na jina la babu, na shamba hadi kwenye misonobari.
Ziwa lilimchukua Aprili,
barafu ilipokuwa imeanza kusema uongo.
Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuta mezani,
kando ya sahani yangu ya uji wa shayiri,
mkasi wa kupogolea, umenolewa.
Hakuna aliyeniuliza. Nami sikuuliza.
Nilikula uji, nikavaa buti zake, zikanipwaya.

Divai yetu, nisiwadanganye, ni kali.
Mchungaji Kangas alionja ya mwaka juzi
akafumba jicho moja, akakaa kimya muda wa zaburi fupi,
kisha akasukuma glasi aongezewe.

Nashuka na wembe, polepole, unene wa karatasi.
Chini ya kahawia, ubavuni,
kijani. Kadogo kama punje ya haradali,
kabichi kabisa, kana unyevu.

Baba anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi.
Anakishika kitawi dirishani, kwenye mwanga wa theluji,
anakitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Kahawa inapoa.
"Huyu yupo," anasema,
na bila kunigeukia ananyoosha mkono:

"Lete kingine."